Arobaini za Mwizi

Mwajabu alitia mkono kwenye mtungi akatoa kunde nyeupe.

Nilikuwa nyuma yake, nikaiona. Nyeusi, unaingia ndani ya Kinga. Nyeupe, unabaki nje na Mungu wako. Binti yangu aliitazama ile kunde kiganjani kama mtu aliyekuta mdudu kwenye mchele, akamkabidhi karani, akatoka kwenye mstari. Ana miaka ishirini na sita, fundi cherehani, na sina mtoto mwingine.

"Anayefuata!" karani akaita.

Mimi sikupiga kura. Mfuta kioo wa Mnara, pale nyota inapotazamwa, ana nafasi yake ndani ya Kinga, imeandikwa, na haihamishwi hata kwa mtoto wa kumzaa. Nilishauliza. Niliuliza mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, walinzi wakanishika mabega wakanitoa nje. Ndiyo maana watu wa kwetu, Ngazi ya Chini, husema jina la ukoo wangu halikukosea njia: Kupaza.

Sauti ya Nahodha Kokushubira ilikuwa ikitoka kwenye vipaza vya uwanja wa soko, maneno yaleyale kila baada ya dakika kumi. Siku ya tisa kutoka leo, kuanzia adhuhuri, chombo kitaipita nyota kwa karibu ili kipunguze mwendo. Kupita huko kutachukua masaa tisa. Nyota ina madoa, madoa hulipuka, na Mnara umethibitisha kwamba milipuko haina mpangilio. Kinga inachukua watu elfu nne. Sisi ni elfu saba. Tunawaomba utulivu.

Utulivu! Waliounda chombo cha watu elfu saba wakakiwekea kificho cha elfu nne hawakuombwa kitu na mtu yeyote. Walipigiwa makofi, wakabaki Duniani, wakafa vitandani mwao.

Masanja alikuwa juu ya ngazi anakaza waya wa kipaza. Ndiye fundi wa sauti wa chombo kizima, Mnyamwezi, mtani wangu.

"We Mzigua, kunjua uso. Unatisha watoto wa watu."

"Umetoa rangi gani?"

"Nyeupe. Nyeupe kama meno yako ulipokuwa nayo." Akacheka, lakini bisibisi ilimponyoka ikaanguka miguuni pangu. Nikamrudishia. "Nikifa msinizike karibu na Wazigua," akasema. "Mnakoroma."

*

Kwenye makaratasi chombo chetu kinaitwa Fahari ya Umma. Sisi tunakiita Mkokoteni. Hakina breki. Kinachoweza kukisimamisha ni wavu wa sumaku unaotandazwa mbele. Wavu unakamata upepo unaovuma kutoka kwenye nyota, na chombo kinalegea. Upepo huo mbali ni haba, kwa hiyo lazima tusogee karibu kabisa na moto. Tukikosa, tunaipita sayari tunayoiendea, tunapitiliza gizani.

Nyota yenyewe ina namba ndefu Mnarani. Mke wangu ndiye aliyeipa jina la Mwizi, kwa sababu kila baada ya muda mwanga wake unapungua kidogo, kama mtu anayejiibia mfukoni mwake mwenyewe. Kinachoiba ni madoa. Darasa langu la nne halinitoshi kueleza kila kitu, lakini nimefuta kile kioo miaka kumi na tisa na masikio ninayo. Doa ni mahali ambapo nguvu za sumaku za nyota zimejifunga fundo. Fundo linazuia joto lisipande, pale panapoa, panaonekana peusi. Fundo likikatika, moto unaruka nje kama mjeledi, na mionzi yake haijali ukuta wala blanketi.

Jicho la mashine la Mnara liliungua zamani. Toka hapo nyota inasomwa na watu. Wasomaji ni sita, wanapokezana kwenye darubini, na kila wanaloona wanalisemea kwenye mashine inayoandika. Mwantumu, mke wangu, alikuwa mmoja wao. Alikuwa na jicho la kuona chawa kwenye kaniki. Aligundua kwamba madoa makubwa ni mawili, akayapa majina Mke Mkubwa na Mke Mdogo. Mkubwa alizunguka na nyota kwa masaa manane, Mdogo alikaa pembeni, ambako nyota huzunguka kivivu, akazunguka kwa kumi.

"Wakikutana uani ndipo vyombo vinapovunjika," aliniambia akicheka.

Halafu ukatoka waraka. Wasomaji wote waache saa za mtaani, waseme saa za ofisi, zile zinazoanza kuhesabiwa usiku wa manane. Wasomaji watatu walikuwa wa huku chini, na jioni hiyo walikaa kwangu wakanywa chai. Niliwaambia wasikubali. Jua wametunyima, nikasema, tumebaki na taa zinazowashwa saa kumi na mbili alfajiri na kuitwa kucha. Sasa na ulimi wauchukue? Wakanisikiliza. Nilijisikia mwanamume siku ile.

Mwaka uliofuata Mwantumu akaitwa na Daktari Nyamhanga, Mkuu wa Mnara, akaambiwa kumbukumbu zake ni chafu, zinavuruga hesabu. Akaondolewa. Akapelekwa kukwangua mabomba ya maji machafu. Kifua kikamshika hukohuko, na kwenye foleni ya zahanati watu wa juu walipita mbele yetu kwa kadi zao. Alinifia mkononi, na neno lake la mwisho lilikuwa hili: "Waambie, za mwizi arobaini."

Miaka miwili nimelibeba neno hilo kama kisu. Hata arobaini yake yeye mwenyewe hawakuniruhusu kuifanya, kwa sababu ya mgao wa mchele. Mwizi ninamjua, nilikuwa nikijisemea kila ninapomwona Nyamhanga akipita chini ya kioo. Siku zake zinakuja.

*

Nilipofika nyumbani kutoka kwenye kura nilimkuta Mwajabu amekaa mkekani, kinasa sauti cha mama yake kiko mapajani. Mwantumu alikuwa akijirekodia nakala ya kila zamu.

"Nataka kumsikia kidogo," akasema. "Kabla ya mambo."

Sauti ikatoka, ile ile, yenye kikohozi cha mbali. "Siku ya kwanza ya juma. Saa tatu asubuhi. Wamekutana, wamegombana. Mwako mkubwa." Kisha ukimya wa mkanda. "Siku ya nne. Saa kumi na moja jioni. Wamegombana tena."

Mwajabu akakizima. "Maskini Mama. Alikuwa akiamka saa tatu kwenda Mnarani? Wote tumelala?"

"Nani amelala saa tatu? Saa tatu asubuhi watu wanakunywa chai."

"Baba, saa tatu taa bado zimezimwa."

Nikamtazama. Amesoma shule ya juu, amefundishwa saa za ofisi tangu ana miaka mitano. Saa tatu kwake ni ile ambayo mimi naiita saa tisa ya usiku. Nikafungua kinywa nimkaripie, nikakiacha wazi hivyohivyo.

Kama binti niliyemzaa, aliyenyonya ziwa la huyo huyo anayesema, ameisikia vibaya, mashine imesikia nini?

"Lete kunde," nikamwambia.

"Kunde gani tena, Baba, leo?"

"Za kupika! Lete kibaba kizima."

Nilipanga kunde mkekani, kunde moja saa moja. Mimi hesabu ya kichwani hunikimbia lakini kitu ninachokishika hakinikimbii. Mwajabu aliwasha mkanda, akataja saa, mimi nikasogeza. Tukahesabu kwanza kama mashine ilivyosikia, namba tupu bila asubuhi wala jioni, pamoja na zile saa ambazo wasomaji wa juu walisoma usiku na Mwantumu akazinakili. Kutoka mwako hadi mwako: arobaini na sita. Halafu thelathini na nne. Halafu arobaini. Halafu tena arobaini na sita. Ovyo, kama Mnara ulivyosema.

"Sasa za mama yako zote ziongeze sita," nikasema. "Zihesabu kutoka kucha."

Tukarudia. Kutoka mwako wa kwanza hadi wa pili, kunde arobaini. Hadi wa tatu, kunde arobaini. Hadi wa nne, Mwajabu alikuwa akihesabu kwa kunong'ona, thelathini na nane, thelathini na tisa, akanyamaza, mkono juu ya kunde ya mwisho.

"Mke Mkubwa mara tano," akasema taratibu. "Mke Mdogo mara nne. Ndipo wanakutana. Baba, tano mara nane..."

"Arobaini."

Nilikaa chini. Mwantumu hakuwa akimlaani mtu. Alikuwa akitoa taarifa. Alimkamata mwizi wake akiwa kwenye mabomba ya maji machafu, akanipa mimi nipeleke, na mimi kwa hasira zangu nikaenda nalo pengine kabisa.

Jana yake, saa kumi na moja jioni, nilikuwa juu ya kioo na kitambaa changu, na mwako ulipita usoni pangu kama umeme. Nikahesabu kutoka hapo. Kunde ya arobaini iliangukia kesho, saa tatu asubuhi. Nikaendelea kumwaga kunde hadi siku ya tisa, siku ya kupita. Mwako uliangukia saa kumi na moja jioni, masaa matano baada ya chombo kuingia motoni. Katikati kabisa.

Na ndani ya siku zote hizo kulikuwa na nafasi pana, kavu, zisizo na mwako. Chombo kizima kingeweza kupita na milango ya Kinga ikabaki wazi.

*

Daktari Nyamhanga alikuwa akifunga ofisi. Ni mtu mrefu, mpole wa sauti, na upole wake ndio uliokuwa ukiniudhi zaidi.

"Mzee Kupaza. Umekuja kuuliza nafasi ya binti kwa mara ya nne?"

"Nimekuja kukuuliza saa, Daktari. Mtu akikuambia saa tatu asubuhi, unaandika ngapi?"

Alitaka kucheka. Nikatandaza mezani karatasi ambayo Mwajabu alikuwa ameandikia hesabu ya kunde. Alisoma akiwa amesimama. Akavuta kiti. Akaiwasha mashine, akaongeza sita kwenye kumbukumbu za wasomaji wa chini, akatazama kioo chake muda mrefu sana, kisha akavua miwani.

"Kulikuwa na waraka," akasema. "Niliutoa kwa sababu hii hasa. Nani aliwaambia wauvunje?"

Hapo ndipo nilipojua kwa nini miguu yangu ilikuwa mizito njia nzima.

Miaka miwili nilikuwa na adui wangu safi. Kila chozi lilikuwa na pa kwenda. Sasa mtu huyu alikuwa ameniuliza swali moja tu, na jibu lake lilikuwa limekaa kwangu, limeshika kikombe cha chai.

"Mimi," nikasema.

Hakunipigia kelele. Heri angepiga. "Na mimi nilizitupa bila kumuuliza hata mmoja wao," akasema. "Miezi kumi na minne ya kazi ya mtu. Niliona uchafu, nikafagia."

Tukakaa hivyo, wazee wawili wapumbavu.

"Tangaza," nikamwambia.

"Siwezi. Kesho saa sita mchana wavu unaanza kukunjuliwa, na ukishakunjuliwa ratiba haigeuki. Baraza likipata habari hii usiku huu litaunda kamati. Na nikiwaambia watu wote, elfu tatu wenye kunde nyeupe wataamini kwamba wameokoka. Mwako usipotokea kesho, hasira yao itavunja mlango wa Kinga. Watakanyagana, Mzee. Watoto."

"Na ukitokea bila kusemwa?"

"Watasema bahati."

"Basi lazima lisemwe kabla, mbele ya wote. Jambo lililosemwa mbele ya watu elfu saba, kamati haiwezi kulimeza."

Aliinuka akasimama mlangoni, kanigeuzia mgongo. "Mimi sijasikia lolote," akasema. "Ila lile shuka kubwa la sokoni, la kuonyeshea matangazo, kesho asubuhi nitalielekezea picha ya nyota. Kwa majaribio." Akageuka nusu. "Utawaambia na nani alikosea?"

Ningeweza kusema Mnara ulikosea, basi. Ningeaminiwa. Huku chini nani angebisha? Lakini watu wangeuliza kwa nini saa zilichanganyika, na kama ningeficha hapo, basi kesho yake wangefichua, na kila kunde niliyopanga ingeonekana ya uongo. Watoto ambao wangekanyagana wangekuwa juu ya shingo yangu.

*

"Unataka kipaza?" Masanja akauliza asubuhi, saa mbili na nusu. "Wewe? Umezaliwa nacho kooni."

"Mtani, leo sina utani."

Alinitazama, akaushusha waya.

Uwanja ulikuwa umejaa watu wa soko, na wengine walikuja walipoona nyota nyekundu imetandazwa kwenye shuka, kubwa kama ukuta wa nyumba, madoa yake mawili meusi yakisogeleana. Nikashika kile chuma. Nikasema mimi ni Mhina Kupaza, mfuta kioo. Nikawaambia habari za wake wenza wawili na masaa arobaini. Nikawaambia saa tatu asubuhi hii watagombana mbele ya macho yetu. Wasipogombana, kura ibaki kama ilivyo, wenye kunde nyeusi waende Kinga, na mimi nipelekwe kwenye mabomba.

"Hesabu hii ni ya mke wangu Mwantumu," nikasema. "Wakubwa waliitupa. Hilo mnalijua, nimelipigia kelele miaka miwili. Msilolijua ni kwamba mimi ndiye niliyewaambia wasomaji wetu wavunje waraka wa saa. Kwa kiburi. Mashine ikachanganyikiwa, na Mwantumu akabebeshwa makosa. Wakubwa walimfukuza. Lakini aliyempa mzigo ni mimi."

Kwenye kundi nilimwona Mwajabu, mkono mdomoni. Hilo sikuwa nimemwambia.

Saa tatu ikafika. Madoa yalikuwa yamegusana. Hakuna kitu.

Dakika moja. Tatu. Mtu nyuma akaguna. Dakika ya tano mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akaanza kulia kwa sauti ndogo, na walinzi walionekana kwenye ngazi ya juu, wanashuka.

"Mzigua," Masanja akanong'ona, "wake zako wanasalimiana?"

Dakika ya saba shuka likawa jeupe.

Uwanja wote ukawa mweupe, nyuso, vibanda, mafungu ya nyanya, kila kitu. Kwenye ukingo wa nyota ulimi wa moto ukainuka, ukajipinda, ukakatika. Kisha ikatoka sauti ambayo sijapata kuisikia, ya watu elfu kadhaa wakishusha mzigo mmoja kwa pamoja. Wanawake walipiga vigelegele mpaka vipaza vikalia. Masanja alinikumbatia na waya, na ngazi, na kila kitu. Walinzi walisimama katikati ya ngazi, na mmoja wao, kijana wa huku chini, akavua kofia akairusha juu. Walikuwa wakiita jina, na mwanzoni nilidhani ni langu.

"Mwantumu! Mwantumu!"

Mwajabu alinifikia akanipiga kifuani, ngumi moja ya kweli, iliyouma. Halafu akalaza kichwa palepale alipopiga.

Nahodha Kokushubira alishuka mwenyewe, kwa miguu, saa nne haijafika. Sijawahi kumwona huku chini. Ni mama wa Kihaya mwenye mvi, na viatu vyake vilikuwa vimefungwa kamba haraka haraka. Nyamhanga alikuwa nyuma yake na karatasi ya Mwajabu.

"Baba," Nahodha akasema, "unasema tupite lini?"

Nilikuwa na maneno ya miaka miwili. Nikayatafuta, nikakuta nimebakiwa na jibu tu.

"Siku ya nane, Mama. Saa moja." Nikajishika ulimi. "Asubuhi! Saa moja ya kwetu. Saa saba ya ofisini. Andika zote mbili."

Akaandika zote mbili, akanionyesha, nikasoma herufi kwa herufi mbele ya watu, na hakuniharakisha.

*

Tulipita siku ya nane. Mkokoteni ulilia mbavu zake zote, mwendo ukapungua, na kwa masaa tisa Mwizi alijaza kila dirisha, mwekundu, kimya, mikono ndani ya nguo. Mtungi wa kura ulikuwa umeshapasuliwa. Milango ya Kinga ilikuwa wazi na ndani hamkuwa na mtu wa kujificha, kwa hiyo niliiomba Kinga kwa ajili ya arobaini, nikapewa, pamoja na mchele.

Kesho yake tukiwa tayari tumejificha nyuma ya sayari tuliyoifuata maisha yetu yote, tulifanya mle ndani arobaini ya Mwantumu, imechelewa miaka miwili. Daktari Nyamhanga alikuja akakaa mkekani na wasomaji, akala kwa mkono, na mimi nikamsogezea nyama. Simpendi. Nyama nilimsogezea.

Saa kumi na moja jioni kijana wa darubini, aliyeona ukingo wa sayari ukiwaka, akapaza sauti kutoka mlangoni, "Wamegombana!" Watu elfu saba wakacheka, ndani na nje ya milango, vinywa vimejaa pilau.